Jinsi ya Kujenga Dirisha Moja la Leseni za Biashara: Mwongozo Kamili kwa Aliyekabidhiwa Kazi Hiyo

Serikali nyingi zikiamua kuanzisha dirisha moja la leseni, yaani sehemu moja ambako mfanyabiashara anaombea leseni zake zote, hukimbilia kutangaza zabuni ya programu. Baada ya muda tovuti inazinduliwa, hotuba zinatolewa, na mfanyabiashara anayejaza fomu mtandaoni anaambiwa aichapishe, aizungushe ofisi nne igongwe mihuri, kisha aipakie tena. Ofisi ni zilezile na saini ni zilezile. Kilichoongezeka ni kituo kimoja zaidi cha kupitia.

Kazi hii inasimama juu ya maswali mawili: nani ana mamlaka ya kusema ndiyo, na ada inaingia kwenye akaunti ya nani. Ukiyajibu kwa maandishi yenye nguvu ya sheria, teknolojia ya kawaida kabisa itatosha. Ndiyo maana katika mwongozo huu programu inakuja karibu na mwisho.

Chagua aina ya dirisha

Kuna aina tatu, na mradi ukianza bila kuchagua, kila taasisi itaelewa ile inayoipendeza.

Ya kwanza ni jengo la pamoja. Msajili wa makampuni, mamlaka ya kodi, watu wa mazingira, afya na zimamoto wanakaa ukumbi mmoja, kila mmoja na dawati lake. Mwombaji anaokoa nauli. Muda mara nyingi hauokoi, kwa sababu afisa aliyepelekwa pale hana mamlaka ya kuamua. Anapokea faili na kulituma makao makuu, na kule linapanga foleni na mafaili mengine.

Ya pili ni dawati moja. Mwombaji anakabidhi maombi mara moja, mfumo unayasambaza kwa taasisi husika, na majibu yanarudi kupitia dawati lilelile. Taasisi zinabaki na mamlaka yake ila hazikutani na mwombaji.

Ya tatu ni uamuzi mmoja: taasisi moja imekabidhiwa kisheria kutoa idhini kwa niaba ya nyingine.

Ushauri wangu ni kuchanganya ya pili na ya tatu. Biashara zenye hatari ndogo zipate uamuzi mmoja tangu siku ya kwanza. Zenye hatari kubwa zipite dawati moja. Jengo la pamoja litumike kama kaunta ya msaada tu.

Amua pia mradi unakaa wapi. Wizara ya biashara haiwezi kuiamuru wizara ya afya. Kitengo kinachoongoza kazi hii kiripoti kwa ofisi iliyo juu ya wizara zote, na mwakilishi wa hazina awemo tangu kikao cha kwanza, kwa sababu utakapofika kwenye fedha utamhitaji.

Orodhesha kila kinachoitwa leseni, kisha fyeka

Hatua hii inachosha na haina picha nzuri za kupeleka kwenye vyombo vya habari, lakini nusu ya mafanikio iko hapa. Tengeneza rejista ya kila leseni, kibali, cheti, usajili na idhini anayotakiwa kuwa nayo mfanyabiashara. Kwa kila moja andika taasisi inayoitoa, kifungu cha sheria kinachoiruhusu, inamlinda nani dhidi ya nini, nyaraka zinazodaiwa, ada, muda wa kuishughulikia, inaisha lini, ngapi zilitolewa mwaka uliopita, na zilileta mapato kiasi gani.

Usizitegemee taasisi peke yake kukupa orodha hiyo, maana zitasahau baadhi ya mambo, na si kwa bahati mbaya kila mara. Waombe wafanyabiashara wa sekta mbalimbali wakuonyeshe makaratasi yaliyobandikwa ukutani na risiti walizonazo. Linganisha orodha mbili hizo. Utakuta vibali ambavyo sheria yake ilishafutwa, vibali vilivyoanzishwa kwa waraka wa ndani, na vibali viwili vya taasisi mbili vinavyokagua choo kilekile.

Sasa geuza mzigo wa ushahidi. Badala ya wewe kuthibitisha kwamba leseni fulani haifai, taasisi husika ithibitishe kwamba inafaa, kwa maandishi, kabla ya tarehe iliyopangwa. Isiyotetewa inaanguka. Korea Kusini ilifanya hivi mwaka 1998 chini ya Rais Kim Dae-jung: kanuni zaidi ya 11,000 zilipitiwa, na karibu nusu zikafutwa katika kipindi cha takriban mwaka mmoja. Georgia, kwa sheria yake ya leseni na vibali ya mwaka 2005, ilishuka kutoka leseni na vibali mamia kadhaa hadi chini ya 200. Nchi zote mbili zilikuwa na msukumo wa kisiasa kutoka juu kabisa. Ukikosa msukumo huo, anza na sekta mbili tatu badala ya kujaribu yote na kushindwa hadharani.

Kwa kila leseni inayotetewa uliza mambo matatu. Kuna madhara gani halisi inayoyazuia? Je, madhara hayo yanaweza kuzuiwa kwa ukaguzi baada ya biashara kuanza? Je, kuna leseni nyingine inayofanya kazi hiyohiyo? Jibu la kwamba leseni inaingiza mapato lisikubalike. Kama serikali inahitaji kodi, itoze kodi, kwa jina hilo na kwa utaratibu wa kodi.

Panga zilizobaki kwa kiwango cha hatari

Gawa shughuli zote katika makapu matatu. Hatari ndogo: mwombaji anatoa taarifa tu, anapata namba, anaanza kazi siku hiyohiyo. Hatari ya kati: anatoa tamko kwamba ametimiza masharti yaliyochapishwa, anaanza, kisha anakaguliwa baadaye. Hatari kubwa: hawezi kuanza mpaka apewe leseni baada ya tathmini. Ureno ilielekea huko mwaka 2011 kwa mpango ulioitwa Licenciamento Zero, ambapo shughuli nyingi za kawaida ziliacha kuombewa leseni na kuanza kutolewa taarifa. Indonesia ilikuwa na mfumo wake wa mtandaoni tangu 2018, lakini mwaka 2021 iliupanga upya kwa msingi wa hatari. Mpangilio huo wa Indonesia unafundisha: ilijenga mlango kwanza, ikarudi kupanga sheria baadaye. Ni nafuu kufuata njia iliyo kinyume.

Kwa orodha ya shughuli, tumia uainishaji wa kimataifa wa Umoja wa Mataifa, ISIC, ili takwimu zako zisomane na za ofisi ya takwimu na za mamlaka ya kodi. Ila usimwonyeshe mwombaji namba zake. Fundi wa kuchomelea hajui yuko tarakimu gani; anajua anachomelea mageti. Andika maelezo ya kila shughuli kwa lugha ya mtaani, weka visawe vingi kwenye sehemu ya kutafutia, na mfumo ndio uchague namba.

Jihadhari na kosa moja la kawaida: kupanga hatari kwa jina la shughuli peke yake. Kuuza rangi za nyumba rejareja na kuhifadhi mapipa ya viyeyusho ghalani, zote mbili huitwa biashara ya rangi. Ongeza maswali mafupi ya ukubwa, mahali na vitu vinavyotumika: idadi ya wafanyakazi, eneo la mita za mraba, kemikali, chakula, kelele, watu wanaolala hapo. Majibu manne au matano yanatosha kumpeleka mwombaji kwenye kapu lake.

Sheria: waraka hautoshi

Hapa ndipo miradi mingi hukatikia. Mkaguzi wa afya anafanya kazi kwa sheria ya afya. Ukimletea waraka wa waziri mwingine unaosema ukaguzi wake sasa unafanyika baada ya biashara kuanza, ataufungia kabatini, na kisheria atakuwa sahihi. Sheria iliyotungwa na bunge haibadilishwi na barua.

Kuna njia mbili. Unaweza kurekebisha kila sheria ya sekta moja moja, jambo linaloweza kuchukua miaka, au kutunga sheria mwavuli moja yenye kifungu kinachosema kwamba pale inapopingana na sheria ya sekta kuhusu utaratibu wa leseni, yenyewe ndiyo itakayofuatwa. Ya pili ni ya haraka zaidi, mradi uambatanishe jedwali linalotaja wazi vifungu vinavyoguswa. Usiache utata kwa mahakama.

Sheria hiyo iwe na mambo yafuatayo bila kukosa:

- mamlaka ya dirisha kupokea, kutoza na kutoa, na pale panapohusika, kuamua kwa niaba ya taasisi nyingine;
- hati na saini za kielektroniki kuwa na nguvu sawa na za karatasi;
- marufuku kwa taasisi ya serikali kumdai mwombaji hati ambayo taasisi nyingine ya serikali tayari inayo;
- rejista ya leseni kuwa ndiyo orodha pekee halali, hivyo leseni isiyomo haidaiwi;
- kila leseni mpya kupita kwenye tathmini kabla ya kuingia rejistani;
- ulinzi wa taarifa binafsi, na rufaa yenye muda wake.

Kipengele cha rejista ndicho kinacholinda kazi yako. Bila hicho, leseni ulizofyeka zitaota tena chini ya majina mengine, na hutajua mpaka mfanyabiashara apigwe faini.

Saa inayohesabu, na ukimya

Muda uliopangwa bila matokeo ya kuuvunja ni pambo la mkataba wa huduma kwa mteja. Matokeo yenye nguvu zaidi ni kanuni ya ukimya kuhesabiwa kuwa ridhaa: muda ukiisha bila jibu, ombi limekubaliwa. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006 kuhusu huduma yanaitambua kanuni hiyo pamoja na kuzitaka nchi wanachama ziwe na kituo kimoja cha mawasiliano kwa watoa huduma, na Georgia iliiweka kwenye sheria yake ya 2005.

Ila kanuni hii ina mianya mitatu, na maafisa huiona mapema kuliko wabunifu wa mfumo.

Mwanya wa kwanza ni mwanzo wa saa. Kama saa inaanza ombi linapokuwa limekamilika, afisa atasema kila siku kwamba halijakamilika. Dawa yake: ukaguzi wa ukamilifu ufanyike mara moja tu, ndani ya siku chache za kazi zilizotajwa kwenye kanuni, na kila kasoro iorodheshwe kwa pamoja. Ambacho hakikutajwa pale hakidaiwi tena.

Mwanya wa pili ni kusimamisha saa kwa kuomba ufafanuzi. Ruhusu mara moja tu, kwa sababu iliyochaguliwa kutoka orodha maalumu.

Mwanya wa tatu ni karatasi. Ridhaa ya ukimya isiyo na cheti haina faida. Benki haitaikubali, wala mwenye nyumba wa fremu. Mfumo wenyewe utoe leseni muda ukiisha, bila mkono wa mtu, ikiwa na sura ileile ya leseni nyingine.

Kapu la hatari kubwa liondolewe kwenye kanuni ya ukimya. Kiwanda cha milipuko hakipaswi kufunguliwa kwa sababu mtathmini alikuwa likizo. Huko, muda ukivukwa, faili lipande lenyewe kwa mkuu wa taasisi na jina la aliyelichelewesha lionekane.

Fedha

Taasisi itakuambia wasiwasi wake ni usalama wa umma, na wakati mwingine ni kweli. Lakini chukua rejista yako, angalia safu ya mapato, na utajua mapema nani atakupinga na kwa nguvu gani. Halmashauri na mamlaka ndogo za udhibiti ambazo ada za leseni zinalipa mishahara yake haziwezi kushawishika kwa hotuba.

Fanya mambo manne. Kwanza, mwombaji alipe mara moja, kwa namba moja ya kumbukumbu ya malipo, kiasi kimoja. Pili, mfumo wa malipo ugawe fedha hizo papo hapo kwenda kwenye akaunti ya kila taasisi. Fedha zikipitia kwanza kwenye mfuko wa dirisha zikisubiri kugawanywa mwisho wa mwezi, imani itavunjika ndani ya robo mwaka ya kwanza, maana kila upande utakuwa na hesabu zake. Tatu, kila taasisi iwe na ukurasa wa kuona malipo yake yanavyoingia. Nne, hazina itoe dhamana ya kipindi cha mpito: mapato ya taasisi yakishuka kwa sababu ya leseni zilizofutwa, pengo lijazwe kwa muda uliotajwa, kwa kiwango kinachopungua kila mwaka. Bila dhamana hii, tarajia taasisi kufidia kwa kupandisha ada zilizobaki au kuongeza faini.

Wakati huohuo rekebisha ada zenyewe. Ada ya leseni ilingane na gharama ya kuishughulikia. Ada inayokokotolewa kwa asilimia ya mtaji humfanya mwombaji atangaze mtaji mdogo, na takwimu zako zote zinaharibika kuanzia hapo. Usisahau marejesho: ombi likikataliwa kabla ya tathmini kufanyika, fedha zirudi bila barua ya maombi.

Taarifa: mifumo isomane

Kila biashara iwe na namba moja tangu kusajiliwa hadi kufungwa, na namba hiyo itumiwe na msajili, kodi, hifadhi ya jamii na leseni. Kama nchi tayari ina namba ya mlipakodi inayofanya kazi vizuri, tumia hiyo. Usibuni ya tano.

Kisha chora jedwali la taarifa. Kila uwanja wa fomu uwe na mmiliki mmoja: jina la mtu linatoka mamlaka ya vitambulisho, jina la kampuni linatoka kwa msajili, kiwanja kinatoka ofisi ya ardhi. Wengine wanasoma kwa mmiliki, hawatunzi nakala yao. Estonia imekuwa ikibadilishana taarifa hivi tangu 2001 kupitia mtandao wake wa X-Road, ambako hifadhidata zinabaki kwa wenyewe na kinachosafiri ni swali na jibu, kila moja likiacha alama ya nani aliuliza. Huhitaji kuiga mitambo yao. Iga kanuni.

Kutakuwa na taasisi zisizo na mfumo wowote, zenye masjala ya mafaili na daftari. Usizisubiri. Zipe ukurasa rahisi ambapo afisa wake anaona maombi yanayomhusu na kubofya uamuzi. Zikija kupata mfumo wao, utauunganisha.

Nyuma ya kaunta

Fuata faili moja la sasa na uandike limekaa wapi kwa muda gani. Karibu kila mara utakuta kazi yenyewe inachukua saa chache na kusubiri kunachukua wiki, kwa sababu taasisi zinapokezana faili moja baada ya nyingine. Tathmini zifanyike sambamba. Utegemezi wa kweli ni mchache: kibali cha matumizi ya ardhi kinaweza kutangulia, mengine mengi yanaweza kwenda pamoja.

Mfumo umgawie afisa faili kwa zamu, asijichagulie. Anayekataa ataje kifungu na aeleze cha kurekebisha. Mwombaji aone faili lake liko kwa nani na tangu lini. Jambo hili la mwisho ni dogo kulijenga, nalo linaua biashara ya vishoka haraka kuliko bango lolote la kupinga rushwa, kwani wanachouza hasa ni habari ya faili liko wapi.

Ukaguzi upangwe wa pamoja, kwa orodha ya vigezo iliyochapishwa. Mkaguzi asidai kisichomo kwenye orodha. Kapu la hatari ya kati ndilo litakalokula muda wa wakaguzi wako, kwa hiyo bajeti ya wakaguzi iongezwe kabla leseni hazijalegezwa. Ukilegeza mlango bila kuimarisha ukaguzi, ajali ya kwanza itarudisha utaratibu wa zamani wote.

Sasa programu

Kwa mkataba na mjenzi, shikilia mambo machache: serikali imiliki taarifa na msimbo wa programu, msimamizi wa ndani aweze kubadilisha ada, fomu na hatua bila kumwita mkandarasi, kila tendo liache kumbukumbu isiyofutika, na fomu zijazeke kwenye simu ya bei nafuu na kuhifadhi zilipofikia mtandao ukikatika. Leseni iwe na msimbo wa QR ambao yeyote anaweza kuuhakiki. Mengine ni mapambo.

Weka kaunta za msaada kwa wasioweza kujaza wenyewe. Mhudumu ajaze kwenye mfumo uleule, akiwa na akaunti yake mwenyewe. Pakianza kuwa na mlango wa pembeni wa karatasi, wanaojuana watapita hapo.

Kuzindua na kupima

Anza na sekta moja na eneo moja, kwa watu halisi na fedha halisi. Kabla ya kupanua, hamishia leseni za zamani kwenye mfumo: safisha majina yaliyojirudia, zipe namba mpya, na kila mwenye leseni hai athibitishe taarifa zake anapohuisha. Kisha tangaza siku ambayo kaunta za zamani zinafungwa, na zifungwe kweli. Milango miwili ikibaki wazi, afisa asiyetaka mabadiliko atamwelekeza kila mtu kwenye ule wa zamani kwa kusema mtandao uko chini.

Pima muda kutoka mtu anapoanza kujaza hadi anapopokea leseni, na uutangaze kwa muda wa kati (ule ambao nusu ya waombaji hawauvuki) pamoja na muda wa asilimia 10 waliochelewa zaidi. Wastani huficha wanaoteseka. Pima pia maombi mangapi yanarudishwa na kwa sababu gani. Sababu ikijirudia sana, tatizo ni fomu. Mara kwa mara tuma mtu asiyejulikana aombe leseni kama raia wa kawaida.

Mwisho, jenga uhuishaji na ufungaji mapema. Leseni ya hatari ndogo haihitaji kuhuishwa kila mwaka. Itoshe kuthibitisha taarifa na kulipa kama kuna cha kulipa. Na biashara ikifungwa, mwenyewe abofye mara moja, taarifa ifike kodi, halmashauri na kila mdhibiti, ili miaka mitatu baadaye asije kudaiwa ada ya duka ambalo halipo.